Nimerudi Unguja na masikio ya betri

KABLA hujaenda mbali fanya jaribio dogo. Tamka neno "sita". Haya, sasa tamka "tisa". Umeona? Herufi ni zile zile nne, ila "s" na "t" zimebadilishana viti. Sasa mwambie mwenzako ayatamke kwa mnong'ono huku jenereta la jirani linanguruma, halafu wewe useme lipi ni lipi.

Hayo ndiyo maisha niliyoishi kwa miaka mingi, na kwa ajili ya maneno hayo mawili nilikosa kumzika bibi yangu. Hii safari ya Unguja ninayokusimulia leo ilianzia hapo.

Mwaka 2014 niliugua kifua kikuu sugu. Tiba ya wakati ule ilikuwa vidonge chungu nzima pamoja na sindano ya kila siku, mwezi baada ya mwezi. Nilipona, namshukuru Mungu. Ila dawa za jamii ile ya sindano zina tabia moja mbaya: zinaweza kuua vinyweleo vidogo vilivyomo ndani kabisa ya sikio, vile vinavyopokea sauti, na vikishakufa haviоti tena. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri baadhi ya sindano hizo ziachwe na wagonjwa wa kifua kikuu sugu wapewe vidonge. Mimi nilikuwa nimeshatangulia. Simlaumu mtu, sindano iliniokoa roho.

Kwanza ulikuja mlio wa nyenje masikioni, usiku na mchana. Halafu sauti nyembamba zikaanza kuaga moja moja: ndege wa asubuhi, saa ya mkononi, vikombe vya muuza kahawa. Sauti nene zilibaki. Kwa hiyo nilikuwa nasikia kwamba mtu anaongea, ila sielewi anasema nini. Irabu zina kifua, zinafika. "S", "t", "f" na "sh" ni kama pumzi tu, zinapotelea njiani. Mtu akisema "sita" mimi napata "i-a". Akisema "tisa" napata "i-a". Akisema "pita", ni "i-a" hiyo hiyo.

Unadhani nilikwenda hospitali? Wapi bwana! Nikaanza kuzuga. Watu wakicheka, nacheka. Mtu akinyamaza na kuniangalia, nasema "si unajua tena." Konda wa daladala akiuliza kitu, namnyooshea noti. Mtaani nikapata sifa ya upole. Kuna msichana mmoja wa Sinza aliwahi kuniambia kitu kirefu kwa sauti ya chini, nami nikamjibu kwa tabasamu, "Safi sana." Kumbe alikuwa ananieleza kwamba mama yake amelazwa. Hatukuonana tena.

Lakini wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi kilinikuta kilio chenyewe hasa.

Julai 2018, alfajiri, simu iliita. Ami yangu wa Unguja. Bibi amefariki usiku. Nikasikia kilio nyuma yake, nikasikia "maiti inatoka saa i-a". Ningeweza kusema, "Ami, rudia." Ningeweza kumpa simu mwenzangu niliyekuwa naishi naye. Nikasema, "Sawa ami, nimesikia."

Kichwani nikaandika saa tisa. Nikapita kazini kuomba ruhusa, nikachukua boti ya saa sita na nusu. Nilifika nyumbani kwetu Vikokotoni saa tisa kasorobo, nikajisifu kwamba nimewahi. Nikawakuta wanaume wamekaa barazani, miguu ina mchanga wa makaburi ya Mwanakwerekwe. Maiti ilitoka saa sita, ikasaliwa adhuhuri, ikazikwa.

Ami aliniuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikajibu boti ilichelewa. Akaniangalia tu. Alikuwa amemtuma mtoto bandarini kunipokea, na mtoto alisubiri boti ya saa tatu na nusu mpaka abiria wa mwisho aliposhuka. Tangu siku hiyo, kati yangu na ami ikawa ni salamu tu. Kwa ukoo mzima nikawa yule wa Bara aliyeona kazi ni bora kuliko bibi yake.

Mwaka 2021 ndipo nilipojipeleka kupimwa. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili zina idara ya masikio, pua na koo, na kupima usikivu hakuumi. Unakaa ndani ya chumba kidogo kimya, unavaa spika za masikioni, ukisikia mlio unabonyeza. Baada ya hapo unaonyeshwa mchoro wako. Wangu ulianza vizuri upande wa sauti nene, ukafika katikati, ukateremka kama mlima Kitonga.

Nikapata mashine mbili, zile za kukaa nyuma ya sikio. Bei si mchezo. Zangu zilinitoka fedha inayokaribia ya pikipiki, kwa mkopo wa kazini. Siku ya kwanza nilitaka kuzirudisha. Mfuko wa nailoni ulipiga kelele kama bati. Kandambili zangu mwenyewe zilinifukuza barabarani. Mtaalamu alikuwa ameshanionya kwamba mashine si kama miwani, unavaa na kuona papo hapo. Ubongo uliokaa miaka bila sauti fulani unahitaji wiki kadhaa kujifunza upya ipi ya kusikiliza na ipi ya kupuuza, na dawa yake ni kuzivaa kutwa nzima, si siku ya sherehe peke yake.

Siyo siri, nilifuga nywele ili zisionekane. Nilinunua masikio, nikaendelea kuzuga! Ndipo Januari 2022 nikaamua: nakwenda Unguja, nakwenda kaburini, na nakwenda kumwambia ami ukweli.

Kwanza mzigo, maana hapa ndipo wengi tunapochemsha. Betri za mashine hizi ni ndogo kama kidonge na zinaendeshwa na hewa. Ukibandua kile kibandiko tu kazi imeanza, uweke ndani ya mashine usiweke. Kwa hiyo usibandue kwa majaribio. Ukibandua, iache kama dakika tano ivute hewa ndipo ufunge kifuniko. Rangi za vibandiko ni moja dunia nzima: namba 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Mimi natumia 13. Nilibeba pakiti mbili, maana si kila duka la dawa linaziweka. Usizichanganye na sarafu wala funguo mfukoni, na ziweke mbali na watoto, mtoto akimeza ni hospitali saa hiyo hiyo. Kama zako ni za kuchaji, beba chaja na benki ya umeme kwenye mkoba wa mkononi.

Kingine ni kopo lenye kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Joto la pwani, jasho na chumvi ya bahari ni maadui wakubwa wa mashine. Usiku nazifuta kwa kitambaa kikavu, nafungua mlango wa betri, nazilaza humo. Asubuhi zinaamka na nguvu.

Bandarini Dar es Salaam pako kama unavyopajua: wapiga debe, matoroli, vipaza sauti vinavyokoroma. Dirishani dada wa tiketi alikuwa nyuma ya kioo, ameinamisha kichwa, anaongea na kompyuta. Nikasikia "i-a". Mkono ukaanza kwenda mfukoni kutoa noti kama kawaida yangu. Nikajizuia. Nikasema, "Dada samahani, mimi sisikii vizuri. Naomba uniangalie unapoongea."

Akainua uso. Hakucheka. Akarudia pole pole, akageuza karatasi, akaandika saa na namba ya geti. Nilitoka pale nikihesabu: imechukua sekunde tano. Miaka yote ile nilikuwa nakwepa sekunde tano.

Kwenye ukaguzi usiogope. Ile milango ya kupekua chuma haiharibu mashine, pita nazo masikioni, mwambie tu askari mapema. Ndani ya boti nilipanda juu kwanza kuangalia mji unavyorudi nyuma, lakini upepo ukigonga vipaza sauti vya mashine unasikika kama turubai la lori linalopigwa. Nikashuka ndani, nikachagua kiti mbali na injini, karibu na mhudumu. Nikamwambia kama kuna tangazo anishike bega. Akaniletea hata mfuko wa kutapikia bila kuombwa, sijui aliona nini usoni kwangu.

Karibu saa mbili baadaye, Malindi. Harufu ya karafuu, samaki na mafuta ya dizeli, kama nilivyoiacha.

Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni mji mzuri kwa macho na mgumu kwa masikio ya betri. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni za mawe ya matumbawe, sauti inagonga huku inarudi kule. Ukisikia kengele ya baiskeli hujui inatoka mbele, nyuma au dirishani kwa mtu. Mchukuzi wa mkokoteni alinipigia "hodi hodi!" mara tatu, nami nikageuka upande usio wenyewe. Vespa ilinipita sentimita chache. Nikajiwekea sheria: tembea ukutani upande mmoja, kila kona geuka uangalie nyuma, na usivuke kichochoro huku unachezea simu. Kwa asiyesikia vizuri, macho ndiyo honi.

Nyumbani Vikokotoni shangazi alinikumbatia kwa nguvu zote. Mashine ya kushoto ikalia "piiii!" Ndivyo zinavyofanya, ukiziziba sauti inajirudia zinapiga mluzi. Shangazi akaruka, "Mwanangu, simu yako hiyo!" Hapo nilikuwa na nafasi ya kuzuga kwa mara ya mwisho. Nikasogeza nywele pembeni nikamwonyesha. Akashika mdomo. Akaita watoto wote wa nyumba waje kuangalia. Kufikia magharibi, mtaa mzima unajua, na mtoto mmoja ameshauliza kama zinashika redio.

Ami hakuwepo. Kesho yake baada ya alasiri nilimfuata Jaws Corner, ile njia panda ya mabenchi, kahawa na dhumna. Dhumna zikipigwa mezani kwa mashine zangu ni kama nyundo. Nikamwomba tukae pembeni, mimi mgongo ukutani ili kelele zibaki mbele ninapoziona, yeye usoni kwangu, mwanga ukimpiga yeye. Hiyo ndiyo namna nzuri ya kukaa popote penye watu, iwe hotelini, harusini au baa.

Nikamwambia yote. Sindano, nyenje, "i-a". Nikamwambia boti haikuchelewa. Nikamwambia nilisikia tisa.

Ami alinyamaza kwa muda mrefu, anakizungusha kikombe.

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?" akauliza mwisho. "Sie tulidhani umetususa."

"Niliona haya, ami."

"Haya ya nini? Marehemu bibi yako miaka yake ya mwisho alikuwa haoni, na akisema hadharani, nishike mkono sioni. Nani alimcheka?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tulikwenda wote Mwanakwerekwe asubuhi ya tatu. Kabla ya udhu nilizivua mashine nikaziweka koponi, maana maji na mashine haviivi chungu kimoja. Hilo ni kosa linaloua mashine za Waislamu wengi na za wapenda kuogelea wote. Ukienda Nungwi au Paje, amua kabla hujavua shati: mashine zinabaki wapi, na nani anazilinda. Usizitie kwenye mfuko wa kaptula ya kuogelea, utazikumbuka ukiwa katikati ya wimbi. Wala usiziache juani juu ya dashibodi ya gari.

Kaburini nilizivaa tena. Ami aliomba dua, nami nilisikia kila neno, kwa kuwa alinigeukia. Nilimwomba bibi radhi. Mengine nitabaki nayo mwenyewe.

Usiku tukaenda Forodhani, karibu na Beit el Ajaib, lile jumba la mwaka 1883 lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020. Kama hujala urojo na mishkaki pale huku upepo wa bahari unakupiga, hujafika Unguja. Ila kwa kelele, pale ni kasheshe: wauzaji wanaita, mkamuo wa miwa unanguruma, watoto wanajirusha baharini kwa mayowe. Mashine hukuza kila kitu, haijui kwamba wewe unamtaka ami na si mkamuo. Nikapunguza sauti kidogo, nikamtazama midomo. Bei nilikuwa nairudia mwenyewe: "Umesema elfu sita? Sita, kabla ya saba?" Muuzaji anaonyesha vidole, tunacheka, biashara inaisha. Namba usizikubali kamwe bila kuzirudia. Maneno mengine ukikosea ni kichekesho, namba ukikosea ni msiba.

Kama unalala nyumba ya wageni kumbuka kwamba usiku mashine ziko koponi na wewe ni kama umezimwa. Mwambie mtu wa mapokezi: nikigongewa sisikii, kukitokea moto au lolote njoo na ufunguo. Saa ya kukuamsha iwe simu ya kutetema chini ya mto. Nyumbani kwetu nilimpa kazi hiyo yule mtoto aliyeuliza habari za redio. Aliniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu, bila huruma.

Msomaji, unaweza kuona haya ni mambo ya wazee. Si kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa kusikia, na kati yao milioni 430 wanahitaji kusaidiwa. Shirika hilo hilo linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kwa sababu ya muziki wa kupindukia, wa spika za masikioni na wa kumbi. Kwa hiyo wewe uliyesimama mbele ya spika Jumamosi iliyopita, ukatoka masikio yanalia nyenje, mlio ule si wa kuchekea.

Na kama tayari unasikia "i-a", nakuomba usipoteze miaka kama mimi. Nenda kapimwe. Lakini hata ukipata mashine za bei mbaya kuliko zote, ujue zinaleta sauti tu. Maneno wanakuletea watu, na watu hawawezi kukusaidia kwa jambo usilowaambia. Sentensi yenyewe ni fupi: "Sisikii vizuri, niangalie ukiongea." Mimi nimeisema kwa konda, kwa daktari, kwa askari wa trafiki na kwa msichana mwingine. Hakuna aliyenila nyama. Nywele nimeshanyoa.

Siku ya kuondoka, asubuhi, nilikuwa barazani nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu 2014: muuza kahawa akipita kichochoroni anagonganisha vikombe vyake, kling, kling, kling. Sauti nyembamba kabisa. Nikakaa kimya mpaka alipokata kona.

Ami akatoka ndani na mkoba wangu. Akasimama mbele yangu hasa, akasubiri nimwangalie.

"Boti yako saa sita na nusu," akasema, na kabla sijamuuliza akainua mikono yote miwili: vidole vitano huku, kimoja huku.

Nikamjibu, "Sita, ami. Nimesikia."

Safari hii nilikuwa nimesikia kweli. Haya, tuonane wiki ijayo. Ukipita Jaws Corner, wasalimie wacheza dhumna, waambie wapige pole pole.